Kutoka Ubao wa Urefu Hadi Hati ya Malipo

Ubao wa kupimia urefu wa watoto wadogo hulazwa chini, si mezani. Afisa lishe anauweka kwenye kibaraza cha zahanati, anaubonyeza pembe moja baada ya nyingine kuona kama unacheza, halafu anausogeza kidogo hadi pale saruji ilipo sawasawa. Ni kifaa cha mbao kisicho na betri wala kioo cha tarakimu. Kichwani kuna kibao kisichosogea, miguuni kuna kibao kinachoteleza, na katikati imebandikwa rula. Mtoto anavuliwa viatu, soksi na kofia. Kama nywele zimesukwa zikasimama utosini, mama anaombwa azifumue hapo juu tu. Mmoja ananung'unika, maana mwanawe alisukwa jana kwa ajili ya siku hii hii. Afisa anacheka naye, anamsubiri, wala hapimi mpaka fundo lifunguke.

Kupima kunahitaji watu wawili. Wa kwanza anapiga magoti upande wa kichwa, anakishika kwa viganja viwili mpaka utosi uguse kibao na macho yatazame juu moja kwa moja. Wa pili anabana magoti ya mtoto kwa mkono wa kushoto, taratibu lakini kwa uthabiti, na kwa mkono wa kulia analeta kile kibao kinachoteleza hadi kiguse nyayo. Nyayo zote mbili, vidole vikiangalia juu. Mtoto analia, bila shaka. Afisa anasoma namba kwa sauti hadi milimita, na anayeandika anairudia kwa sauti kabla kalamu haijagusa karatasi. Kisha anampima tena. Namba mbili zikiachana sana, anapima mara ya tatu, na wala haonekani kuona foleni ya akina mama iliyofika hadi kwenye mti wa parachichi.

Sababu ya ukali huu iko kwenye jedwali. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mvulana wa miezi 24 anayepimwa amesimama hutarajiwa kuwa na sentimita 87 hivi. Akiwa chini ya 81 anahesabiwa amedumaa. Mtoto huyo huyo akilazwa, urefu wake huongezeka kwa karibu milimita 7. Wa chini ya miaka miwili hulazwa na waliozidi hapo husimamishwa. Anayechanganya hayo mawili anaweza kumponya mtoto kwa kalamu, au kumdumaza kwa kalamu. Umri nao unaweza kuharibu hesabu vilevile. Kadi ya kliniki ikiwa imelowa mvua au imebaki kwa bibi kijiji cha pili, afisa hakubali jibu la "ana kama mwaka na nusu". Anauliza: alizaliwa kabla ya Krismasi au baada? Mahindi yalikuwa yanapaliliwa au yanavunwa? Jirani gani alijifungua karibu na wewe, naye kadi yake iko wapi? Dakika kumi zinapita kwa mtoto mmoja, na mwishoni tarehe inaandikwa, ikiwa na alama ya kuonyesha kwamba imekadiriwa.

Halafu unakuja utepe wa mkono. Unapimwa mkono wa kushoto, katikati kabisa ya bega na kiwiko, na katikati hiyo haitafutwi kwa jicho. Mkono unakunjwa, urefu unapimwa, unagawanywa kwa mbili, alama inawekwa kwa wino, kisha mkono unanyooshwa. Utepe usibane nyama wala usilegee. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na mtoto huyo haendi nyumbani kabla ya kuonwa na mganga. Hadi 12.5 ni njano. Siku hii nyekundu haikuwapo. Katika wilaya za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania ukondefu si tatizo kubwa. Kilichojaa kwenye daftari ni watoto wenye mashavu ya kupendeza ambao ni wafupi kuliko umri wao, na hao mama zao hawana habari kwamba kuna jambo.

Mtu anayetaka kuusifu ufundi wa lishe angeweza kuishia hapo, kwenye mikono na mbao. Mimi nilitaka kuona sentimita ile inakwenda wapi baada ya kuandikwa. Maana afisa lishe wa halmashauri ana nusu ya pili ya kazi ambayo haina picha nzuri ya kupiga: kuifanya serikali ya mahali pake itoe fedha, ibadili utaratibu, na iendelee kufanya hivyo hata mwaka ambao hakuna mgeni anayekuja kukagua. Nusu hiyo hufanyika ofisini, kwenye vikao na kwenye korido, na inadai subira ile ile ya kibarazani.

Mwisho wa mwezi taarifa za zahanati na vituo vya afya humfikia zikiwa kwenye fomu na kwenye mfumo wa kompyuta. Yeye huanza na penseli. Kabla hajajumlisha chochote, anatazama tarakimu ya mwisho ya kila uzito kwenye nakala za rejesta. Watoto halisi hawapendelei tarakimu yoyote. Watakuwa na kilo 8.3, 9.1, 7.8, 10.6. Akikuta safu nzima inaishia na sifuri na tano, anajua kwamba mizani haikusomwa, ilikadiriwa, au pengine muuguzi mmoja alikuwa na watoto 70 na chanjo juu yake. Anapiga simu. Hasemi, "Takwimu zako ni mbovu." Anasema, "Shikamoo dada, habari za huko? Nasikia mizani yenu inasumbua?" Mara nyingi mizani inasumbua kweli, kamba imekatika au mshale hauanzii kwenye sifuri. Anaandika kwenye daftari lake: mizani, kijiji fulani. Hilo litakuja kuwa mstari kwenye bajeti.

Kuna mtego mwingine ambao wengi huingia nao kwenye baraza la madiwani. Takwimu za kliniki zinahesabu watoto waliokuja kliniki, tena urefu haupimwi kila mahali. Utafiti wa kitaifa wa afya huenda nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana wilaya inaweza kuonyesha udumavu mdogo kwenye rejesta zake na mkoa huo huo ukawa juu kabisa kwenye utafiti. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ikiwa imeshuka kutoka 34 ya mwaka 2015/16. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu 50 kila mmoja. Afisa huyu hachanganyi namba za vyanzo hivi viwili kwenye jedwali moja hata pale mchanganyiko ungempa hoja kali zaidi. Diwani mmoja mwenye akili akigundua kwamba namba mbili hazitoki chungu kimoja, anasema afisa, basi hata zile za kweli hazitaaminiwa tena.

Mikoa hiyo mitatu ni miongoni mwa inayolisha nchi mahindi, na Njombe inapeleka parachichi hadi Ulaya. Mgeni hushangaa, wenyeji wamechoka kushangazwa. Hapa ndipo uchambuzi wa sababu unapodai mtu mtulivu, kwa kuwa kila mkubwa ana sababu yake moja mfukoni: ulanzi, uvivu, akina mama wadogo, mila. Afisa anawasikiliza wote. Kisha anarudi kwenye njia iliyoanzia Iringa. Mwaka 1983 Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya Iringa. Watoto walipimwa kijijini, matokeo yakajadiliwa na kamati ya kijiji, na kijiji chenyewe kikaamua la kufanya kwa uwezo wake: tathmini, uchambuzi, utekelezaji, halafu tathmini tena. Fikra za pale Iringa ndizo zilizolea kielelezo cha sababu za utapiamlo ambacho UNICEF ilikitangaza mwaka 1990 na ambacho bado kinafundishwa duniani: chakula na maradhi juu, chini yake chakula cha kaya, matunzo ya mama na mtoto na huduma za afya, na chini kabisa mali, madaraka na maamuzi.

Kwa hiyo kijijini afisa haulizi "Kwa nini watoto wenu wamedumaa?" Anamwuliza mama siku yake huanzaje. Anaondoka saa ngapi kwenda shambani wakati wa palizi? Nani anabaki na mtoto? Uji unapikwa mara moja asubuhi na kunywewa hadi jioni? Ukimiminwa kutoka kwenye kijiko, unatiririka au unadondoka? Swali hilo la kijiko nililipenda sana. Uji unaotiririka una maji mengi na nguvu kidogo, na tumbo la mtoto wa miezi minane hujaa kabla hajapata cha kumkuza. Jibu moja la kijiko linamwambia zaidi ya fomu ya kurasa nne. Maharage yapo ndani ya nyumba, mayai yapo, maparachichi yapo, lakini mayai na parachichi ni fedha ya daftari na sare. Hawalaumu. Anaandika.

Sasa bajeti. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan. Mwaka 2022, akiwa Rais, alishuhudia mkataba mpya wa kwenda hadi 2030. Kutoka kwa wakuu wa mikoa, saini zilishuka kwa wakuu wa wilaya, hadi kwa watendaji wa kata na vijiji. Moja ya mambo yaliyobebwa na utaratibu huo ni kwamba kila halmashauri itenge walau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kutoka mapato yake ya ndani. Halmashauri yenye watoto 40,000 inatakiwa basi kutenga milioni 40. Haifiki nusu ya bei ya gari jipya la serikali, lakini gari ni nadra kupingwa kwa hoja kwamba ni ghali.

Afisa anaanza kazi hiyo mapema, mwongozo wa bajeti ukiwa bado haujatoka. Kwanza anatafuta idadi ya watoto inayokubalika na Afisa Mipango, kwa sababu mabishano ya idadi yakianzia kikaoni yanamaliza muda wa kikao. Kisha anaandika shughuli. Nilimtazama akifuta sentensi moja mara tatu. Ya kwanza ilisema: kuhamasisha jamii kuhusu lishe bora. Akaifuta. Mstari kama huo, alinieleza bila kuinua macho, ndio wa kwanza kukatwa, kwa kuwa ukikatwa nusu hakuna anayejua kilichopotea. Alichoandika mwishoni ni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, katika kila kijiji, mara moja kila robo mwaka, kwa kupima, kunasihi na kuonyesha mapishi, na nyuma yake akaambatisha orodha ya vijiji kwa majina. Sasa anayetaka kukata lazima aweke kidole juu ya jina la kijiji. Na kila kijiji kiko ndani ya kata yenye diwani wake.

Baada ya hapo ni bei. Lita za mafuta ya pikipiki kwa umbali halisi, si kwa kukadiria. Idadi ya fomu za kuchapa. Posho ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwa siku moja. Mbao za urefu kwa zahanati zisizo nazo, na zile mizani zenye kamba iliyokatika, moja moja, kwa jina la kituo. Matone ya vitamini A ya Juni na Desemba. Usimamizi wa chakula shuleni. Anajua ukomo wa bajeti utashuka, hushuka karibu kila mwaka, hivyo ana orodha ya pili kwenye droo, iliyopangwa kwa mpangilio wa kile atakachokiachia kwanza. Hiyo haionyeshi kwa mtu. Kisha vyote vinaingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti, kila shughuli na kifungu chake. Kifungu kikikosewa tarakimu moja, fedha inaweza kupitishwa na madiwani wote na bado isilipike. Alizisoma tarakimu zake kwa sauti, na mwenzake wa meza ya pili akazirudia, kama walivyofanya na urefu wa watoto kibarazani.

Bajeti ya lishe haishindaniwi na adui. Inashindaniwa na marafiki. Kwenye mapato yale yale kuna asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kuna miradi ya maendeleo ambayo sheria na miongozo inaidai, kuna boma la darasa ambalo wananchi wamelijenga hadi kwenye renta na wanasubiri bati. Diwani anayerudi kijijini na bati anaonekana. Anayerudi na sentimita haonekani. Afisa anaufahamu ukweli huo na haukasirikii. Wiki mbili kabla ya kikao cha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango anaanza kuwatembelea madiwani mmoja mmoja, akianza na wale ambao kata zao zina hali mbaya. Anaenda na ukurasa mmoja. Juu kuna jina la kata, chini vijiji vyake, idadi ya watoto waliopimwa, waliodumaa, shule zinazotoa chakula na zisizotoa. Hakuna grafu. Diwani anaoneshwa peke yake, nyumbani kwake au kwenye ofisi ya kata, kabla wenzake hawajaona. "Mheshimiwa, nimeona nikuletee mapema," anasema, na anakaa kimya mpaka mzee amalize kusoma.

Kimya hicho ni cha makusudi. Nimeona wataalamu wengi wakijaza pengo hilo kwa maneno na kuharibu kila kitu.

Siku ya baraza jedwali la kata zote linapangwa kwa alfabeti, si kutoka mbaya hadi nzuri. Kila diwani anaitafuta kata yake mwenyewe, na kila mmoja, bila kuambiwa, anatazama ya jirani. Afisa anapewa dakika kumi na anatumia saba. Kisha yanakuja maswali, na swali kubwa ni lile lile kila mwaka: "Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi huku ni wafupi kwa asili. Baba yangu alikuwa mfupi, mimi mfupi, na nimekuwa diwani. Sasa huu udumavu ni ugonjwa au ni ukoo?" Ukumbi unacheka. Afisa naye anacheka, kwa sababu swali ni zuri.

Jibu lake ni fupi. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilikusanya vipimo vya watoto karibu 8,500 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, waliotibiwa, ambao mama zao hawakuvuta sigara. Ilionekana kwamba hadi umri wa miaka mitano, watoto wa Accra na wa Muscat na wa Oslo wanarefuka karibu sawa wakipata matunzo sawa. Koo hutofautiana, lakini ukoo wa mtu mmoja mmoja haufanyi nusu ya watoto wa mkoa mzima waanguke chini ya mstari. "Mheshimiwa," anamalizia, "mstari tunaowapimia watoto wetu haukuchorwa kwa Wazungu peke yao. Kuna mtoto wa Ghana ndani yake." Haongezi neno juu ya mheshimiwa mwenyewe. Angeweza kumwambia kwamba huenda naye angekuwa mrefu zaidi, ukumbi ungeangua kicheko, na kura ya mzee yule ingepotea kwa miaka mitano.

Bajeti inapita. Watu wa nje hudhani kazi imekwisha. Iliyopita ni ruhusa, fedha bado haijapatikana. Mapato ya ndani yanategemea makusanyo, na katika wilaya ya wakulima makusanyo yanafuata mavuno: ushuru wa mazao unaingia kwa wingi mahindi yanapotoka shambani na malori yanapojipanga kwenye mizani, halafu unakauka mvua zinapoanza. Afisa ameichora kalenda hiyo kwa mkono ukutani pake. Mstari wa juu ni miezi ya mwaka wa fedha, kuanzia Julai. Wa kati ni ushuru unavyoingia. Wa chini ni shughuli zake. Zile za fedha nyingi amezisogeza zote upande wa kushoto, hazina inapokuwa na kitu, na za mwishoni mwa mwaka ni zile zinazoweza kufanyika kwa mafuta kidogo na miguu.

Kisha anaandika dokezo. Ukurasa mmoja na nusu ndani ya jalada, kwa Mganga Mkuu kwanza, kutoka kwake kwa Mkurugenzi, kutoka kwa Mkurugenzi kwa Mweka Hazina. Jalada linatembea kama barua ya posa: mwenye haja halibebi mwenyewe, kila mkono una nafasi yake ya kulipokea, na ukiruka mmoja umewatukana wote. Dokezo lake lina aya nne. Ya kwanza inataja kifungu na kiasi kilichoidhinishwa. Ya pili, kilichokwisha kutolewa. Ya tatu, kinachoombwa sasa na siku ya shughuli. Ya nne inakumbusha kipengele cha mkataba aliosaini mkuu wa wilaya, kwa sentensi moja, bila kivumishi. Anaambatisha mchanganuo na orodha ya malipo. Ameshayapatia majibu maswali ambayo mhasibu atauliza, kwa hiyo jalada halirudi na wino mwekundu. Likikaa mahali siku nyingi, halalamiki. Anapita, anasalimia, anauliza hali ya watoto, anatoka. Kesho kutwa anapita tena.

Chombo chake kingine ni kadi alama. Kila robo mwaka viashiria vya lishe vya halmashauri vinapakwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Fedha iliyotumika ikilinganishwa na iliyotengwa, watoto waliofikiwa, vijiji vilivyofanya siku yao, shule zinazotoa chakula. Kadi hiyo inasomwa kwenye kikao cha tathmini mbele ya Mkuu wa Wilaya, na nyekundu ikiwa kwenye utoaji wa fedha haimwelekei afisa lishe, inamwelekea mwajiri wake. Hapa ndipo nilipomwona akitembea kwenye uzi mwembamba kuliko wote. Rangi hazibadilishi. Lakini siku tatu kabla ya kikao anampelekea Mkurugenzi kadi ile ile, pamoja na dokezo lililokwama. "Bosi, hili ndilo litakalosomwa Alhamisi." Mara nyingine nyekundu inageuka njano kabla ya Alhamisi, kwa fedha halisi, si kwa rangi. Akimshtukiza bosi mbele ya Mkuu wa Wilaya atapata makofi siku moja na milango iliyofungwa mwaka mzima.

Chakula shuleni ni shauri la peke yake, na sitalimaliza hapa. Wazazi wanatoa mahindi na maharage, mtendaji wa kijiji anakusanya, mwalimu anatunza stoo. Afisa anakaa na mkutano mkuu wa kijiji kusikiliza mabishano ya debe: mwenye watoto wanne atoe mara nne? Anaingilia mara moja tu, kwenye unga. Anaomba shule isage dona badala ya kukoboa sembe, kwa kuwa kwenye kiini na ganda ndiko vitamini na madini mengi yaliko. Papo hapo anasema na ubaya wake: dona ina mafuta ya kiini, inachacha haraka, hivyo isagwe ya wiki mbili, si ya muhula, na mahindi yakaushwe vizuri na kuchambuliwa ili sumukuvu isiingie jikoni. Kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye unga ziliwashika wenye viwanda vikubwa, lakini mashine ya kijijini inayosaga debe la mama mmoja mmoja haijafikiwa kirahisi hivyo. Baada ya mkutano anaingia kwenye mashine hiyo, anachota unga kwa vidole viwili, anaunusa, anaongea na mwenye mashine kuhusu chekeche. Hana cha kumwamuru. Anamwuliza chekeche za dona zinauzwa wapi na kwa bei gani, na jibu analiandika.

Maafisa huhamishwa, na kila miaka mitano uchaguzi unaleta baraza lenye sura mpya nyingi. Kwa hiyo ameanza kuandaa jalada la makabidhiano ingawa hakuna barua ya uhamisho iliyofika: madokezo yote kwa tarehe, majedwali ya kata kwa kata ya kila mwaka, ile kalenda ya ukutani ikiwa imechorwa upya kwenye karatasi, na ukurasa unaoeleza ni diwani gani aliuliza nini na alijibiwaje. Kwa ajili ya madiwani wapya ameandika barua kwa Mkurugenzi kuomba dakika 20 kwenye semina yao ya kwanza. Hakuomba siku ya ufunguzi, ambayo ina wageni wengi na hotuba ndefu. Ameomba siku ya pili asubuhi, kabla ya chai, na ameomba ubao mmoja wa urefu upelekwe ukumbini, pamoja na mkeka wa kuuwekea chini.